Gramu 5 kwa Rand 10

Kilo moja ya kahawa kwa rand 2,000. Duka lolote la Durban likibandika bei hiyo kwenye rafu, wateja watadhani karani ameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Kahawa nzuri ya punje, iliyokaangwa wiki hiyo hiyo jijini, unaweza kuipata kwa robo ya fedha hizo, na bado wapo watakaonung'unika. Hata hivyo, bei ya rand 2,000 kwa kilo inalipwa kila siku, bila kelele, na watu wenye akili zao timamu. Wanailipa kidogokidogo, gramu 5 kwa gramu 5. Kapsuli moja ya rand 10 inatumbukizwa kwenye mashine, kitufe kinabonyezwa, pampu inanguruma, kikombe kinajaa. Kapsuli 200 za namna hiyo ndizo zinazotimiza kilo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha muuzaji.

Mashine yenyewe haina hila. Inafanya kile kilichoandikwa kwenye boksi lake, na inakifanya vizuri. Kinachofaa kukaguliwa ni mkataba ambao mnunuzi anauingia siku anapoibeba kwenda nayo nyumbani, mkataba usiosainiwa wala kusomwa na mtu. Na ukitaka kuukagua ukiwa karibu na watu wanaohesabu senti zao, mahali pazuri ni Clairwood, kusini ya bandari ya Durban.

Clairwood ni mtaa unaopitiwa na mizigo ya Afrika Kusini ikielekea kwingine. Bandari iko jirani, malori ya makontena yanapishana kwenye barabara ya South Coast usiku na mchana, na soko kuu la jumla la mboga na matunda la jiji liko hapo hapo. Waliouanzisha mtaa huu ni Wahindi ambao wazee wao waliletwa Natal kwa mikataba ya kazi, kuanzia meli Truro ilipotia nanga tarehe 16 Novemba 1860. Wengi walipelekwa kwenye miwa, lakini wapo waliopangiwa mashamba ya kahawa, kwa sababu wakati huo Natal ilikuwa ikilima kahawa kwa matumaini makubwa. Ugonjwa wa kutu ya majani, ule ule uliofuta kahawa ya Ceylon, ukayakomesha matumaini hayo kabla karne haijaisha. Leo jimbo zima la KwaZulu-Natal limebakiwa na wakulima wachache mno wa kahawa, kama wale wa shamba la Beaver Creek karibu na Port Edward.

Mikataba ilipokwisha, familia zilikodi ardhi yenye majimaji ya kusini mwa Durban, zikalima mboga, zikajenga nyumba, mahekalu na shule. Kisha jiji likaitamani ardhi hiyo kwa viwanda. Nyumba zikaachwa zichakae, karakana na viwanja vya malori vikaingia katikati ya makazi. Uwanja wa mbio za farasi wa Clairwood, uliokuwa eneo kubwa la majani katika ukanda mzima wa moshi, uliuzwa mwaka 2012 na sasa ni bustani ya maghala. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuujua upande huu wa jiji. Ng'ambo kidogo, penye mtaa wa Kings Rest kwenye mlima wa Bluff, ndipo walipoishi wale walioitwa Wazanzibari wa Durban. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokombolewa utumwani na manowari za Uingereza na kushushwa Durban kuanzia 1873. Waliishi hapo hadi sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilipowahamishia Chatsworth. Ukanda huu umezoea kuambiwa kwamba kila kitu kina bei yake kwa mita ya mraba. Ni haki basi kuuliza bei ya kahawa kwa kilo.

Kapsuli ilianza na mhandisi Éric Favre wa kampuni ya Nestlé nchini Uswisi, aliyekuwa akichunguza jinsi mabaa ya Roma yanavyopata kahawa yenye povu zito. Hataza ya kwanza ilisajiliwa mwaka 1976, kampuni ya Nespresso ikaundwa 1986, na kwa muda biashara ilichechemea kwa kuwa ililenga ofisi na mikahawa. Ilipogeukia majumbani ndipo ilipopata mwendo. Ndani ya mashine hamna maajabu: maji yanapashwa moto yakipita kwenye bomba jembamba, pampu inayasukuma kwa shinikizo linaloweza kufika mara 19 ya lile la hewa, sindano inatoboa kapsuli, na unga unaachia rangi, mafuta na harufu yake katika muda usiofika dakika. Kwa kuwa kapsuli imefungwa bila hewa, kahawa iliyokaangwa miezi kadhaa iliyopita bado inatoka na harufu. Hilo ni jambo ambalo kopo lililofunguliwa jikoni haliwezi.

Ujanja uko kwenye biashara. Mashine ndogo huuzwa kwa bei isiyozidi ya simu ya kawaida, na wakati wa punguzo huwa rahisi zaidi, kwa sababu faida haimo humo. Faida imo kwenye kapsuli zitakazonunuliwa kwa miaka mitano ijayo. Wanaofahamu wembe wa kunyolea wanaujua mtindo huo: mpini rahisi, makali ghali. John Sylvan, Mmarekani aliyebuni kapsuli za Keurig, alimwambia mwandishi wa jarida la The Atlantic mwaka 2015 kwamba yeye mwenyewe hana mashine ya aina hiyo nyumbani, na moja ya sababu zake ilikuwa gharama ya kuitumia. Muuza wembe anayefuga ndevu si wa kupuuzwa.

Basi nani anafaidika na mashine hii?

Mtu anayeishi peke yake, kwanza. Maghala na bandari havilali, na mtu anayeamka saa 10 alfajiri ili awahi zamu hana haja ya kuchemsha birika zima. Anataka kikombe kimoja, kisafi, kinachofanana na cha jana, kisha atoke. Kwake yeye mashine ni rafiki, ingawa mngurumo wa pampu yake unatosha kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili. Wa pili ni yule aliyekuwa akinunua kahawa ya mkahawani kila siku. Kwake kapsuli ya rand 10 ni nafuu ya kweli, na akikuambia mashine imeshajilipa, mwamini. Wa tatu ni mwenye mkono mzito, anayejaza vijiko visivyo na kipimo kisha kumwaga nusu ya alichochemsha. Mwanzoni mwa 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Quebec kilichoko Chicoutimi, Kanada, walionyesha kwamba kahawa ya kuchuja iliyopikwa kwa unga na maji ya kupindukia inaweza kuyaumiza mazingira kuliko ya kapsuli, kwa sababu mzigo mkubwa uko shambani na kwenye kupasha maji. Hoja hiyo haiwafurahishi wanaopenda kuilaani kapsuli, lakini ni ya kweli, na dawa yake ni kijiko cha kupimia.

Sasa ipeleke mashine hiyo hiyo kwenye nyumba ya familia, yenye babu na bibi, wazazi, watoto wakubwa na mpangaji wa chumba cha uani. Tuseme vikombe 8 kwa siku, na hapo hajapiga hodi mgeni. Kwa rand 10 kila kimoja, mwezi wa siku 30 unakula rand 2,400. Malipo ya serikali kwa mzee nchini Afrika Kusini mwaka 2025 yalikuwa takriban rand 2,300. Kahawa ya nyumba ingemeza pensheni nzima ya bibi na kudai nyongeza. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2025 kilikuwa rand 28.79 kwa saa. Kwa kijana anayepakua maboksi kwenye ghala lililojengwa palipokuwa uwanja wa farasi, kapsuli moja ilikuwa dakika 20 na ushei za kazi. Kahawa yenyewe inanyweka kwa dakika tatu.

Kisha unakuja usumbufu wa foleni. Mashine hutoa kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Wa nane akipata chake, wa kwanza ameshamaliza na kuondoka, na kapsuli tupu zimejaza kisanduku chake. Ndiyo maana mfalme wa jikoni za Afrika Kusini bado ni kopo la kahawa ya kukoroga, hasa Ricoffy, inayotengenezwa na Nestlé hao hao katika kiwanda chao cha Estcourt, ndani ya jimbo hili. Ndani ya kopo hilo mna chikori nyingi, mzizi unaolimwa upande wa Alexandria, Rasi ya Mashariki. Wapenda kahawa huicheka. Wanaoicheka hawajawahi kuwapikia wafiwa.

Itakuwa rahisi hapa kusimamisha baraza la Waswahili dhidi ya mashine: kule umoja, huku ubinafsi. Hoja hiyo imechakaa, tena haiko sawasawa. Muuza kahawa wa Mombasa au wa Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, naye huuza kwa kipimo kimoja kilichokwisha kuwa tayari. Dele liko juu ya makaa, kikombe hakina sikio, mnunuzi hasagi, hachemshi, haoshi. Ukipiga hesabu ya kilo, naye pia anauza ghali kuliko duka la buni. Tofauti iko katika kile kinacholipiwa. Kwenye dele kinalipiwa kibarua cha mtu: kukaanga, kutwanga, kuamka mapema, kubeba, kuosha vikombe, na fedha hiyo inalala mtaani. Kwenye kapsuli mnunuzi anajaza maji mwenyewe, anatupa makapi mwenyewe, anasafisha mashine mwenyewe, na bado analipa kama aliyehudumiwa. Afadhali hata kashata ingeletwa.

Fedha hiyo inalala wapi, basi? Kapsuli zote za Nespresso, popote zinaponywewa, hutengenezwa Uswisi, katika viwanda vya Orbe, Avenches na Romont. Uswisi haina mbuni hata mmoja wa kuvunwa. Lakini kahawa inayotoka huko imeshaizidi chokoleti na jibini kwa thamani ya mauzo ya nje. Tangu 2019 kampuni hiyo imekuwa ikitoa kahawa za maeneo yaliyodhoofishwa na vita au uchumi: ya Zimbabwe ikiwa miongoni mwa za kwanza, kisha mwaka 2020 ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, na mwaka 2021 ikaja moja iliyoandikwa kwenye boksi, kwa Kiswahili, Kahawa ya Congo, kutoka kandokando ya Ziwa Kivu. Mradi una mazuri yake, kwani mkulima wa Kivu Kusini aliyekuwa akivusha buni zake ziwani kwa magendo amepata mnunuzi wa uhakika. Lakini ifuate safari ya punje moja. Inavunwa Kivu, inashuka bandarini, inakwenda Ulaya, inakaangwa, inasagwa, inafungwa kwa gramu tano tano, inapanda meli tena, inarudi Afrika. Durban ina Wakongomani wengi waliokimbia vita vya mashariki, na baadhi yao hulinda magari kwenye maegesho ya maduka. Mtu wa Bukavu anaweza kusimama mlangoni pa duka linalouza kahawa ya kwao, jina limeandikwa kwa lugha yake, na kapsuli moja ikamgharimu bahashishi za magari kadhaa.

Hapo ndipo habari ya hataza inapokuwa habari njema. Hataza kuu za mfumo wa kwanza wa Nespresso zilikwisha muda karibu na 2012, baada ya kesi nyingi za Ulaya. Tangu hapo kiwanda chochote chenye mashine ya kujazia kinaweza kutengeneza kapsuli zinazoingia humo. Afrika Kusini imeichangamkia nafasi hiyo: maduka makubwa yana kapsuli za chapa zao, mikahawa ya vida e caffè ina zao, na hata wakaangaji kama Terbodore, walioko Curry's Post juu ya Howick, wana zao. Sehemu ya rand 10 sasa inabaki kwa anayekaanga na kufunga ndani ya nchi. Afrika Mashariki, yenye buni, ingepaswa kuwa mbele katika hili. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba kimekuwa kikiigeuza kahawa ya Kagera kuwa ya kukoroga kwa zaidi ya nusu karne, na kopo lake la Africafé linajulikana mpaka ng'ambo. Aliyeweza kujaza kopo hashindwi na kapsuli.

Nestlé nayo haikulala. Mfumo wake mpya, Vertuo, ulioanza Amerika Kaskazini mwaka 2014, unazungusha kapsuli kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika na kusoma mistari iliyochapwa ukingoni mwake. Bila mistari hiyo mashine haijui la kufanya. Kufuli lililofunguka hataza zilipokwisha limefungwa upya kwa uhandisi. Mnunuzi asiyejua tofauti anaweza kuichagua kwa kuwa ina kikombe kikubwa na sura nzuri, kisha akagundua kwamba kapsuli za rafu ya duka jirani haziingii.

Na takataka? Kapsuli ya alumini ina takriban gramu moja ya madini hayo. KwaZulu-Natal inaijua alumini vizuri. Kiwanda cha Hillside kilichoko Richards Bay, kaskazini mwa Durban, ni miongoni mwa watumiaji wakubwa kabisa wa umeme wa taifa, na Hulamin ya Pietermaritzburg hukunja alumini kuwa bati na karatasi. Kuiyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya, ndiyo maana kopo la soda halikai barabarani. Waokotaji wanalichukua kwa sababu linalipa kwa uzito. Kapsuli hawaichukui. Ni ndogo, imejaa makapi mabichi, na kuipata kilo moja ya alumini safi ingebidi kukwangua karibu kapsuli elfu moja. Wenye chapa wana vituo vya kuzipokea zilizotumika, lakini kituo kikiwa dukani upande wa pili wa jiji, kapsuli inaingia kwenye mfuko wa taka kama ganda la ndizi. Jiji la Hamburg lilizipiga marufuku ofisini kwake mwaka 2016. Wakazi wa kusini mwa Durban hawahitaji kufundishwa na Hamburg: Desmond D'Sa wa muungano wao wa mazingira alipata tuzo ya Goldman mwaka 2014 kwa kuongoza mapambano yaliyofunga jaa la taka za sumu lililokuwa karibu na makazi yao.

Umeme ni suala jingine. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilikatiwa umeme kwa zamu karibu kila siku. Mgawo ulisimama mwishoni mwa Machi 2024, ukachungulia tena mwanzoni mwa 2025. Mashine hizi huvuta zaidi ya wati 1,200 zinapopasha maji, na inveta ndogo inayowasha taa na televisheni bila tatizo huzima papo hapo ikibebeshwa mzigo huo. Maji nayo si ya kutegemea: baada ya mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo, maeneo mengi ya jiji yalikaa muda mrefu bila maji ya bomba. Kibirika cha moka, kile cha pembe nane alichokitoa Alfonso Bialetti huko Italia mwaka 1933, kinapika juu ya gesi, mkaa au kuni, na kinahitaji maji ya kikombe tu. Hakina kapsuli, hakina kitufe, na mpira wake wa kuzibia hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Kuhusu chokaa, Durban ina bahati. Maji yake si magumu sana, na mashine hukaa muda mrefu kabla ya kudai dawa ya kutoa ukoko. Mswahili wa Zanzibar au Mombasa anayetumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe asijilinganishe. Kwake bomba jembamba linaweza kuziba mapema, na afadhali atumie maji yaliyochujwa.

Aliyeamua kununua aanze na swali moja dukani: kapsuli za mashine hii zinatengenezwa na kampuni ngapi? Jibu likiwa moja, aiache, hata ikiwa nusu bei. Za mitumba zipo tele, kwa sababu wengi hupewa zawadi ya harusi kisha wakachoka kununua kapsuli. Muhimu ni kuijaribu kabla ya kulipa, kwani pampu inayolia bila kusukuma maji haistahili hata nauli ya kuifuata. Anayeimiliki tayari na kujuta, ipo kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe. Inasumbua mwanzoni: unga ukiwa wa chenga kubwa maji yanapita kama mferejini, ukiwa laini mno mashine inakwama, na wakaangaji wazoefu kama Colombo wa Durban watasaga kwa kipimo ukiwaambia unachotumia. Kwa kahawa ya rand 500 kwa kilo, gramu 5 zinagharimu rand 2 na nusu. Ile nyumba ya vikombe 8 inashuka kutoka rand 2,400 hadi 600 kwa mwezi, na ugomvi unaobaki ni wa nani ataosha kapsuli.